Maua Gani?

Nikiwa na miaka 13 niliharibu foronya nne za bibi harusi wa watu. Sikuziunguza kwa pasi wala sikuzimwagia chai. Nilizidarizi vizuri kabisa, mshono umelala, upande wa nyuma msafi kama wa mbele, kazi ambayo siku nyingine mama angewaita majirani waje kuiona. Kosa lilikuwa moja tu. Majani yote niliyajaza kwa uzi wa kahawia.

Mama yangu anadarizi mashuka. Ndiyo kazi iliyotulea mimi na dada yangu pale Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina. Mteja analeta kitambaa au pesa ya kitambaa, mama anachora maua kwa kaboni, anabana fremu, anaanza kujaza. Shuka mbili na foronya nne ndiyo seti. Msimu wa harusi unaweza kukuta seti tatu zinasubiriana, na hapo kila mwenye vidole ndani ya nyumba anapewa sindano. Kama unashangaa mwanaume kushika sindano, nenda kaulize zile kofia zinazovaliwa Ijumaa kule pwani zinadariziwa na nani.

Kawaida mama alikuwa ananitungia uzi yeye mwenyewe. "Haya baba, hii ya majani." Najaza majani. "Hii ya vikonyo." Najaza vikonyo. Siku ile aliondoka kwenda msibani, akaniachia kopo la nyuzi na agizo: majani malizia na ule wa kijani, nikirudi nikute tayari. Nikatoa uzi wa kijani. Ningeapa mbele ya yeyote kwamba nilitoa wa kijani.

Aliporudi jioni aliwasha taa, akazishika foronya moja moja, akazigeuza. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo mpaka leo naisikia, "Unanikomoa?"

Wenye harusi walikuwa wanakuja kesho yake. Hapakuwa na muda wa kufumua na kurudia, na hata ukifumua kitambaa kinabaki na matundu. Shangazi wa bibi harusi aliziangalia, akasema yeye hawezi kumlaza mtoto wao juu ya majani yaliyokauka, siku ya kwanza ya ndoa, huo ni uchuro. Mama akarudisha kianzio. Kile kianzio ndicho kilichokuwa kinunue godoro langu la bweni. Nikaenda kidato cha kwanza na godoro la dada, lenye bonde katikati.

Nilichapwa, ndiyo, lakini fimbo huwa zinapoa. Lililobaki ni lile neno, kukomoa. Kuanzia siku ile kopo la nyuzi likawa marufuku kwangu. Ningeweza kukata kitambaa, kupiga pasi, kumpelekea mteja mzigo, lakini uzi nisiguse. Na ndani ya ukoo ukawa msemo: mtoto akifanya kazi ovyo anaambiwa asituletee majani ya kaka.

Mimi mwenyewe niliamini kwamba ni uzembe. Ushahidi ulikuwa mwingi. Nikitumwa nyanya zilizoiva naleta mbichi, mpaka nilipojifunza kuzibinya, na wauza nyanya hawapendi kubinyiwa nyanya zao. Kwenye vitendo vya Kemia tuliambiwa chuma (II) inatoa mashapo ya kijani na chuma (III) mashapo ya kahawia, nami nikawa nachungulia daftari la jirani. Kwenye Jiografia, ile ramani yenye kontua za kahawia zinazopita juu ya msitu wa kijani, nilidhani wenzangu wanasingizia kuziona. Kali kuliko zote ni Biolojia ya kidato cha nne. Tulifundishwa urithi wa upofu wa rangi, nikachora ule mchoro wa mama mbebaji na baba mzima, watoto wanne, mmoja wa kiume haoni rangi sawasawa. Nilipata maksi zote. Haikunijia hata siku moja kwamba yule wa kiume kwenye mchoro ni mimi.

Nimelijua hili mwaka wa pili hapa chuoni, kwenye kozi ya elimu maalumu ambayo wengi wetu tunaisoma ili tupate alama tu. Mhadhiri alitupia ukutani picha za duara zilizojaa vidoti vya rangi. Ni zile za daktari wa macho wa Japani, Shinobu Ishihara, zilizotoka mwaka 1917. Darasa zima likaitikia: sabini na nne! Mimi nikasema kwa kujiamini, ishirini na moja. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikijua ni mimi na uzembe wangu. Mhadhiri hakucheka. Aliuliza, "Aliyesema ishirini na moja ni nani?"

Baada ya kipindi akanieleza kwamba 21 siyo jibu la kubahatisha. Ile picha imepangwa hivyo: anayetofautisha nyekundu na kijani anasoma 74, na asiyezitofautisha vizuri anasoma 21. Nikaenda kliniki ya macho, wakathibitisha. Siyo ugonjwa wa kutibiwa, haizidi, haipungui. Hata John Dalton, yule wa atomu tuliyemkariri sekondari, alikuwa nayo, na mwaka 1794 aliiandikia makala. Aliamini kwamba majimaji ya ndani ya macho yake ni ya bluu, akaagiza akifa wayapasue waangalie. Alipofariki mwaka 1844 wakaangalia, wakakuta ni meupe tu. Jicho lake lilihifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi walipima vinasaba vyake wakapata jibu. Mimi sikusubiri miaka yote hiyo, nashukuru.

Ngoja nifafanue, maana nikiwaambia watu wanaokota kitu cha kwanza kilicho karibu na kuniuliza hiki rangi gani. Sioni dunia nyeusi na nyeupe. Bluu naiona, njano naiona vizuri sana. Tabu iko kwenye ukoo wa nyekundu, kijani na kahawia, hasa zikiwa zimepoa. Na Kiswahili chenyewe hakinisaidii. Rangi zetu zenye kivumishi chake ni tatu, -eupe, -eusi na -ekundu. Zilizobaki tumeziazima kwenye vitu: kijani kwenye majani, kahawia kwenye kahawa, kijivu kwenye majivu, manjano, chungwa, zambarau, mpaka damu ya mzee. Ukiniambia rangi ya majani nakuelewa kabisa. Shida ni kwamba kwangu mimi kahawa nayo ina rangi ya majani.

Siku ile nilirudi hosteli na furaha ya ajabu. Miaka yote nilikuwa natafuta namna ya kumwambia mama kwamba sikumkomoa, na sasa nina karatasi ya kliniki. Nikaanza kutafuta maneno ya kumpigia simu. Halafu nikaukumbuka mchoro. Tatizo hili linakaa kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume X yake anapewa na mama. Karatasi inayonisafisha mimi ndiyo hiyohiyo inayomtaja yeye. Mtu aliyelea watoto wawili kwa sindano na uzi, unamwambiaje kwamba macho yaliyomharibia kazi alimpa mwanawe yeye mwenyewe? Nikakaa kimya likizo mbili.

Likizo iliyopita nilimkuta mama na kitu kipya. Dada alikuwa amekiokota kwenye mitumba, katikati ya vitambaa vya meza: kipande cha kitambaa kigumu, chenye vitundu-vitundu kama chandarua kilichotiwa wanga, na juu yake pamechorwa jogoo kwa rangi za brashi. Hakikuwa na uzi wala karatasi ya maelekezo. Wanaita kanvasi. Ulaya na Marekani watu wananunua hizi zikiwa zimeshachorwa, wanajaza kila kitundu kwa mshono mdogo wa mshazari mpaka kanvasi yenyewe haionekani, kisha wanatengeneza foronya za mito ya makochi au wanavalisha viti. Nilihesabu kwa rula, vitundu 18 ndani ya inchi moja. Uzi wa sweta ungekuwa mnene mno hapo, ila huu wetu wa pamba wa nyuzi sita, wa kudarizia mashuka, unapita.

"Huyu wa kwangu," mama alisema. "Nimedarizia vitanda vya watu miaka yote hii, sina hata mto."

Alitandika mkeka barazani, akaweka kanvasi, akafungua kopo. Hakuniita, ila hakunifukuza pia. Nikakaa mbali kidogo na kopo, kama mtu aliyezoea mipaka yake.

"Jogoo namuweza," akasema. "Kazi ipo kwenye haya maua."

"Maua gani?"

Aliniangalia akidhani natania. "Haya hapa, miguuni pake."

Nikainama. Niliona jogoo, niliona nyasi. Nyasi tu, zimejaa chini mpaka ukingoni. Nikamwambia sioni ua lolote. Mama akashika kidole changu cha shahada, kama anavyomshika mtoto anayefundishwa kuandika, akakigusisha kwenye kanvasi. Hapa. Hapa. Na hapa. Alihesabu mpaka kumi na moja. Chini ya kidole nilihisi rangi iliyokauka, na macho yangu yakaendelea kuona nyasi.

Basi nikasema yote, bila mpangilio, 74 na 21 na kliniki. Sikufika kwenye sehemu ya kromosomu.

"Toka lini?"

"Toka nizaliwe, mama."

"Na zile foronya?"

"Niliona kijani."

Aliinuka akaingia jikoni. Nikasikia sufuria zikigongana kwa muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Aliporudi hakuwa na chai.

"Mjomba wako alikuwa anabinya nyanya," akasema.

Mjomba huyo, kaka yake mkubwa, sikumkuta. Ninachokijua ni ile hadithi ya kila sikukuu: alitaka sana kazi ya meli, akaenda kupimwa, wakamrudisha kwa ajili ya macho. Nyumbani walishangaa, maana alikuwa na macho ya kuona jahazi kabla wengine hawajaona tanga lake. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Kumbe melini taa ya upande wa kushoto ni nyekundu na ya kulia ni kijani. Mama alikaa akiipanga hadithi upya kichwani, naona kabisa anaipanga, na alifika mwenyewe mahali ambapo mimi nilishindwa kumpeleka likizo mbili.

"Kwa hiyo inapita kwetu."

Nikamchorea ule mchoro nyuma ya bahasha. Watu wa pwani wakimwona mtoto ana tabia isiyotoka kwa baba yake husema huyo kafuata kwa wajomba, na kwa hili la macho wako sahihi kuliko wanavyojua. Nikamwambia mama yeye haliumwi, anaona kila kitu, amebeba tu.

"Nimebeba," akasema. "Na fimbo nikakupiga mimi."

Hatukuongea tena jioni ile. Sijui kama hilo ndilo linaitwa kuombana radhi. Kwetu watu wazima hawaombi radhi kwa maneno. Lakini asubuhi, saa mbili, jua likiwa bado la upande, niliitwa. "Njoo kwenye nyuzi."

Tulitumia siku tatu kuchagua rangi. Mama anasema atakayechagua nyuzi kwa saa moja atafumua kwa wiki, na nimeelewa kwa nini. Kanuni yake ya kwanza ni mlangoni, asubuhi, bila taa. Balbu ya njano usiku inafanya bluu nzito ionekane nyeusi, na tyubu nayo ina uongo wake. Ya pili, uzi hauangaliwi ukiwa kifungu. Kifungu kizima kinaonekana kizito. Unatoa unyuzi, unaulaza juu ya kanvasi pale utakapokaa, unasogea hatua mbili nyuma. Ukiridhika, unashona vitundu vichache pembeni, kwenye ukingo utakaokunjwa, na unauacha ulale hapo mpaka kesho. Kuna rangi alizozipenda jioni akazikataa asubuhi.

Ya tatu ndiyo ilinifanya nimsimulie habari za Ufaransa. Mama aliweka uzi mweusi kwenye mkia, akasema umefifia, akauhamishia karibu na njano, ukawa mweusi ti. Uzi uleule. Nikamwambia kuna mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyewekwa mwaka 1824 kusimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha Gobelins pale Paris, wanapofuma mazulia ya ukutani. Wafumaji walilalamika kwamba nyeusi yao ni dhaifu. Akaichunguza, akakuta rangi haina kasoro. Tatizo ni rangi zilizokaa ubavuni mwake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa kuhusu jambo hilo. Mama alisikiliza kwa heshima zote.

"Kitabu kizima?" akauliza. "Hilo hata bibi yako alilijua. Uzi bila jirani hauna rangi."

Mimi nilichokuja nacho ni namba. Kampuni ya DMC ya Ufaransa, iliyoanzia Mulhouse mwaka 1746, inaandika namba kwenye karatasi inayofunga kila kifungu, na nyuzi nyingi za bei nafuu kutoka China zinafuata namba zilezile, ingawa rangi yenyewe inaweza kutofautiana kidogo. Mama maisha yake yote amezivua zile karatasi na kuzitupa. Anajua rangi kwa macho, karatasi ya nini? Nikakata boksi la gumba, nikatoboa mistari ya matundu, kila tundu nikafunga unyuzi wa rangi moja na kuandika namba yake chini. Yeye anaangalia uzi, mimi nasoma namba. Akisema "ile nyekundu ya kelele", najua ni 666. "Nyekundu ya kanga" ni 321. Damu ya mzee ni 814. Kahawia ya manyoya ya mgongoni, 433. Kwa mara ya kwanza tangu miaka 13 tulikuwa tunazungumzia rangi na sote tunajua tunachokizungumzia.

Halafu siku ya pili nikamfundisha kitu, na hapa naomba nijisifu kidogo. Mama alikuwa ameshachagua 321 kwa maua na 701, kijani ya katikati, kwa nyasi. Kwake yalipendeza sana, yanaruka machoni. Nikazipiga picha nyuzi mbili zikiwa zimelala pamoja, nikaondoa rangi kwenye simu ibaki nyeusi na nyeupe, nikampa. Akaangalia, akairudisha simu kwa mkono wa mbali, akaangalia tena. Maua yalikuwa yamepotea. Nyuzi zote mbili zilikuwa kijivu kinachokaribiana.

"Hivi ndivyo unavyoona?"

Nikamwambia hapana, siyo hivi, mimi naona rangi. Lakini hivi ndivyo uzito unavyoonekana. Rangi zinaweza kutofautiana jina na zikawa na uzito mmoja, na picha yenye uzito mmoja ukisimama mbali inalala, hata kwa mwenye macho kamili. Mwenye macho kamili hagundui haraka kwa sababu rangi inamfumba. Mimi uzito ndio nimeutegemea maisha yangu yote bila kujua jina lake.

Alinyamaza, kisha akatoa 701 yote kutoka miguuni pa jogoo na kuweka 704, ile nyepesi inayokaribia njano. Tukapiga picha tena. Nikayaona maua. Kwenye simu kwanza, kisha nikainua macho nikayaona pale kwenye kanvasi, unyuzi wa 321 umelala juu ya nyasi hafifu, kama kitu kilichokuwepo siku zote. Nyasi za nyuma, ambako hakuna ua, akaweka 699 nzito ili jogoo apate mahali pa kusimama.

Tulibishana pia. Mkia aliutaka uwe mweusi mtupu, mimi nikasema jogoo yeyote ukimwangalia juani mkia una kitu kinachong'aa. Akaniuliza, "Kinachong'aa rangi gani?" Nikakaa kimya, akacheka mpaka akapenga kamasi. Mwishoni alichanganya mwenyewe: akafungua uzi wa nyuzi sita, akachukua tatu za 310 nyeusi na tatu za 699, akatunga kwenye sindano moja. Mandharinyuma nilishinda mimi. Alitaka rangi ya maziwa, nikaomba 3325, bluu ya maji, kwa sababu hiyo naiona kama anavyoiona yeye. Ile ya nyuma ndiyo inayokula uzi kuliko zote, na lazima inunuliwe yote siku moja, maana namba ileile iliyotiwa rangi kwa awamu nyingine inaweza kuacha mstari katikati ya anga. Mama akaingia gharama bila kunung'unika, jambo ambalo si kawaida yake.

Niseme na hili. Dada ana mtoto wa kiume, miaka minne, ananiita mjomba na kunipanda mgongoni. Hesabu ya mchoro inasema ana robo ya uwezekano wa kuwa kama mimi. Siku ya tatu mama alimwekea kopo la nyuzi, akamwambia apange marafiki na marafiki. Dada alikasirika, akasema mwacheni mtoto, mnamtafutia nini? Yuko sahihi kwa upande wake. Mimi pia niko sahihi: ningepewa kopo lile nikiwa na miaka minne, ningelala kwenye godoro zuri kidato cha kwanza. Mtoto alipanga. Alichokipanga ni siri ya mama yake, siyo yangu ya kuiandika kwenye jarida la wanafunzi.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikataa chaki nyekundu, nikawaambia wanafunzi wa kidato cha pili sababu yenyewe. Mmoja wa nyuma alinifuata mapumziko, akaniuliza kwa kunong'ona kama na mimi huwa nabinya nyanya. Tukaongea mpaka kengele ilipolia.

Wiki iliyopita mama alinipigia. Manyoya ya mgongo yamemaliza uzi, anataka vifungu vitatu vya 433, Tanga vimekwisha. Bumu lilikuwa halijaingia, mnajua wenyewe hali, lakini nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Duka la nyuzi lilikuwa limefurika, Jumamosi. Nikamwambia kijana wa kaunta nataka 433. Akasema karatasi zimechanika, bro, watu wanachambua, akanimwagia lundo mbele yangu. "Brauni zote hizo hapo, chagua mwenyewe."

Nikachagua vitatu. Nikaviangalia mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kimoja kimoja. Vilifanana kabisa. Watu nyuma yangu walianza kusonya. Nikavipanga kwenye kiganja, nikapiga picha, nikamtumia mama, nikasubiri huku kijana wa kaunta akiniuliza kwani kaka unanunua uzi au unanunua kiwanja.

Jibu likaja kwa sauti, nikaweka simu sikioni. Nyuma yake nilimsikia mtoto wa dada akiimba.

"Viwili sawa, baba. Hicho cha katikati ni cha majani." Akanyamaza kidogo, nikasikia mkasi. "Nacho kichukue. Nyasi bado."